Daraja la Shumbana na Ng'ombe wa Udaghwenga

Shumbana wa Katesh alikuwa na duka la chumvi, shuka na shanga, na mdomo mkubwa kuliko duka. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Arusha, juu ya lori la mahindi, na huko aliumwa tumbo mpaka akarudi. Lakini ukimsikiliza, ungedhani Gavana mwenyewe havuki mtaro bila kumuuliza njia.

Vita vya Hitla vilipokwisha, bei ya ng'ombe mnadani ilikuwa ya kutia aibu. Ndipo Shumbana akasikia kwa utingo mmoja kwamba mpakani, upande wa Kenya, kuna daraja la kulipia, na ng'ambo yake ng'ombe hununuliwa kama wana pembe za dhahabu. Hakuuliza ni mto gani. Alishika njia mpaka kwenye boma la Gidahosh, mfugaji wa Kibarbaig, kule tambarare chini ya mlima Hanang, wapange safari pamoja: yeye alikuwa na mipango, Gidahosh alikuwa na ng'ombe.

Udaghwenga, mke wa Gidahosh, alikuwa anasafisha vibuyu vya maziwa kwa kaa la moto. Hakualikwa kwenye kikao, lakini masikio hayangoji mwaliko.

"Daraja linalipwa kwani linakula?" Gidahosh aliuliza.

"Ni ushuru, rafiki yangu. Unalipa, unapita."

"Na nisipolipa?"

"Unabaki huku na ufukara wako."

"Na mto ukikauka?" Udaghwenga aliuliza bila kuinua kichwa. "Si watu watapita chini bure?"

Shumbana alikohoa. "Mto wa Serikali haukauki, shemeji."

"Umeliona hilo daraja?"

"Ninalijua."

"Kulijua sikuuliza. Nimeuliza kama umeliona."

"Gidahosh, mke wako huyu angefaa ukarani wa baraza," Shumbana alisema, akicheka peke yake.

Kisha wakaanza kuchagua ng'ombe. Gidahosh alishusha sauti, kama mwanamume anayepanga kuiba nyumbani kwake. Ng'ombe wake mwenyewe, alisema, wamekonda, na dume lile kubwa ana mapenzi nalo. Afadhali waende wale maksai weupe na majike wenzao.

Mkono wa Udaghwenga ulisimama ndani ya kibuyu. Hao walikuwa wake. Baba yake alimpa siku alipoolewa, na kwa Wabarbaig kila mtoto anajua kwamba ng'ombe wa namna hiyo mume anaweza kuwachunga, kuwasifu na kuwaimbia, ila kuwauza bila mke kukubali hawezi. Maziwa ya watoto wake yalitoka kwa majike hao. Wakienda, watoto wangekunywa nini? Mipango?

Hakupiga kelele. Ukipiga kelele asubuhi, ng'ombe huondoka mchana wewe ukiwa umekwenda kuchota maji. Alikaa kimya, na wale wawili, kwa akili zao zilizoazimwa, wakadhani kimya ni ndiyo.

Mpango ulikwama mahali pamoja tu. Ng'ombe wa tambarare hajawahi kukanyaga mbao. Shumbana akasema hilo ni dogo, watafanya zoezi. Akaazima mbao nene kwa wapasua mbao, akazilaza juu ya korongo jembamba la njia ya Nangwa, akafunga kamba mbele yake. Mwenyewe akasimama hapo na kofia ya kakhi, kifua mbele, kama mtoza ushuru wa mpakani. Watu waliokuwa wanapita waliketi kutazama. Kichekesho kama hicho hakiji kila mwezi.

"Simama!" alifoka. "Ushuru!"

Ng'ombe walisimama kweli, na wakagoma kuendelea. Gidahosh aliwachapa, akawasukuma, akawatukana mpaka mabibi zao. Mmoja alimpiga teke la paja.

"Hawa wanamfuata anayewakamua," Gidahosh alikiri, akisugua paja, kisha akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Mama Gidamis! Hebu vuka, uwaite."

Udaghwenga alikuja taratibu, sketi yake ya ngozi ikichapa miguu, bangili za shaba zikilia. Shumbana, aliyekwisha kuamini kwamba ni askari, alimkingia mkono.

"Ushuru, shemeji!"

Udaghwenga aliinama, akaokota kinyesi kikavu cha ndama, akamwekea kiganjani. "Chenji baki nayo."

Watu waliangua kicheko. Alivuka mbao, akageuka, akawaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja. Jike la kwanza lilinusa mbao, likapita. Wengine wakafuata. Maksai walivuka mwisho.

"Umeona?" Shumbana alimrukia Gidahosh. "Nilikwambia! Kenya tumefika! Basi, shemeji, zoezi limekwisha, warudishe!"

Udaghwenga hakurudi. Njia ya Nangwa ndiyo iliyokwenda kwa baba yake, na aliishika, akiwaimbia ng'ombe, wala hakuharakisha.

"Mama Gidamis!" Gidahosh aliita. Kisha akaelewa. Ng'ombe wakishaingia zizi la baba mkwe, mume hawatoi kwa ubavu. Na wanawake wakisikia alitaka kuwauza, wataketi baraza lao wenyewe na kumtoza dume zima.

Shumbana alimshika bega. "Usihuzunike. Safari ipo palepale. Tuchukue wa kwako, na lile dume."

"Wa kwangu?" Gidahosh alimtazama kana kwamba ametukaniwa mama. "Una wazimu?"

Jioni alifika kwa baba mkwe akiwa amejitanda shuka mpaka puani. Udaghwenga alikuwa anakamua. Alimwona, akaendelea kukamua jike hilo, na la pili, na lililofuata, mpaka watoto, waliokwisha kuletwa na shangazi yao, wakanywa wakashiba.

"Hawauzwi," Gidahosh alisema hatimaye.

"Mimi nilijua tangu zamani," alijibu. "Ingia ndani, mwamkie baba, umwambie yeye. Kwa sauti, mama naye asikie."