Jinsi Akili Yangu Ilivyompa Jirani Kiwanja

Wenye makosa ni watatu, nawataja wazi: jirani yangu aliyeuza samaki pale soko la Kituku, chefu anayeongoza avenyu yetu, na akili yangu mwenyewe. Volkano siitaji, ilichoma nyumba ya kila mutu bila kuchagua. Waasi nao walishafanya yao kabla ya hapo: walipolala kwetu, waliwashia moto wa maharagwe kwa karatasi zangu za kiwanja.

Lava ilipopoa, avenyu nzima ilikuwa jiwe jeusi. Hakuna uzio, hakuna mti. Chefu akatupandisha juu ya lile jiwe, soli zikinuka kuungua, akatangaza: kila mutu asimulie alipoishi, na anayekumbuka vizuri mipaka yake itapakwa rangi.

"Papa, anza," akaniambia.

"Kiwanja changu ni hiki. Nyumba ilikuwa hapa, jiko nyuma."

"Na kisha?"

"Kisha nini, chefu? Ni nyumba, haikuwa inatembea."

Watu wakacheka. Jirani akavua kofia. Akasema pale pale nilipokanyaga alikuwa amemfunga mbuzi mwenye mimba. Moto ulipofika akamfungua, lakini mbuzi akarudi kulamba chumvi ukutani. Akaiga mlio wake. Mama mmoja mjamzito akajishika tumbo. Mimi, naapa, nilimwona. Nilisikia harufu ya manyoya yakiungua, machozi yakanitoka. Nikalitafuta jiko langu kichwani, nikakuta mbuzi kasimama ndani yake.

Chefu akajipangusa macho. "Na wewe papa, unamukumbuka ule mbuzi?"

"Namukumbuka," mdomo wangu ukasema. "Alikuwa mukali."

Wakapaka rangi, kiwanja kikawa cha jirani. Ndipo mke wangu akanivuta shati.

"Baba watoto, huyu alikuwa anapanga chumba kimoja kule mbele. Mbuzi alimufunga wapi? Kwa kitanda yetu?"

Nikamkimbilia chefu: nimekosea! Akafunga kopo la rangi. "Papa, umeshashuhudia."

Jirani akanishika bega, na huruma yake ilikuwa ya kweli, hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. "Pole, ndugu yangu. Hata mimi kila nikimuwaza ule mbuzi siwezi kula."

Tukabaki wawili juu ya jiwe, mimi na mama watoto. Sikukumbuka hata mlango wetu ulitazama wapi.

"Ziwani," mke wangu akasema.

"Usiseme hivyo tu. Simulia. Weka na kuku."

"Hatukufuga kuku."

"Na yeye hakufuga mbuzi. Weka, mama, chefu hajafika mbali."