Salamu Zilizokula Muda

Wanafunzi wangu wakijiandaa kwa mdahalo huniuliza swali lile lile: majaji wanaangalia nini? Wanaamini kuna siri tunawaficha. Siri hakuna. Tunaangalia hoja, ushahidi, namna ya kumjibu mpinzani, lugha na muda. Hayo nimeyaandika ubaoni mpaka chaki imenichosha. Lakini nina jicho langu la ziada, wala sioni aibu kulisema: mpinzani anapoongea, mimi namtazama yule aliyekaa. Anasikiliza, au anapekua karatasi zake akisubiri zamu yake ya kupiga kelele? Wapo vijana wanaoingia ukumbini na sauti ya mtangazaji wa mpira, wanagonga meza, wanarusha mikono, na wakishakaa unajikuta huna cha kuwaandikia. Hao hunikera, na nina hakika wanajua.

Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja hapa Kasulu, na klabu ya midahalo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, hata kuliko likizo. Wengi wa watoto wetu nyumbani wanaongea Kiha, wengine Kirundi. Mtoto anasimama na lugha aliyoikuta shuleni, anaihangaikia, na siku moja unamsikia anaitumia kama ya kwake. Nikisikia hivyo siku yangu yote inakuwa nzuri.

Mwaka jana tuliwakaribisha wenzetu wa sekondari moja ya Kibondo. Mada ilikuwa kwamba mwanafunzi wa bweni hufaulu kuliko anayetokea nyumbani. Wageni waliunga mkono, sisi tukapinga. Meza ya majaji tulikaa mimi, mwalimu wao, na mwalimu mstaafu kutoka Buhigwe ambaye hakuwa na upande. Msemaji wetu wa mwisho, yule ambaye kazi yake ni kujibu hoja za wapinzani, alikuwa binti wa kidato cha tatu anayetoka Titye.

Kabla hatujaanza, baba yake alinikuta mlangoni. Ni mkulima wa maharage. Wazazi wake walikuja wakikimbia vita Burundi, na yeye sasa ni raia kama mimi. Alipiga makofi taratibu, kama tunavyosalimiana huku, akasema mwiriwe, salamu yetu ya mchana, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, na za wakwe zangu ambao hajawahi kuwaona. Ndipo akafika alikokuwa anakwenda.

“Mwalimu, nasikia hapa mnawafundisha watoto kujibizana na watu. Nimekuja nione mwenyewe. Nikikuta ni kweli, huyu binti mdahalo basi, na Kibondo haendi.”

Kibondo ndiko tulikotakiwa kwenda kwa marudiano muhula uliofuata, na bila yule binti afadhali tungebaki kwetu tukapalilia bustani ya shule. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuhesabu safari hiyo kuwa yake. Nilimkaribisha baba, akaenda kukaa nyuma kabisa pamoja na wazazi wengine na wenye maduka wa mjini tuliowaalika. Binti alimwona akikaa. Roho yangu ilikuwa juu. Binti alitakiwa kumbishia mtu hadharani, mbele ya baba aliyekuja kukamata ubishi.

Mvulana wa Kibondo aliyemtangulia alikuwa mzuri, sitamnyima haki yake. Alisema nyumbani kuna jembe, kuna maji ya kuchota, kuna wadogo wa kubeba, na kitabu kinafunguliwa mtu akiwa ameshachoka. Bwenini kuna taa na kuna kengele. Ukumbi ukampigia makofi. Binti wetu alikuwa ameweka kalamu chini, anamsikiliza. Nikaandika alama yangu pale pale.

Zamu yake ikafika. Msemaji wa kawaida hutaja meza kuu, majaji na mtunza muda kwa pumzi moja, kisha anaendelea. Yeye aliisalimu meza kuu. Akatusalimu majaji. Akawageukia wageni, akawauliza habari za njia. Halafu akageuka nyuma, akapiga goti kidogo, akawapigia makofi wazee wote. Na huku kwetu makofi hayaachwi yakaanguka chini. Safu nzima ya nyuma ikaitikia, nayo ikamwuliza habari za masomo, naye akajibu, na mama mmoja akataka kujua bibi yake anaendeleaje. Mtunza muda akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Alipomgeukia mvulana, muda mwingi ulikuwa umeshaliwa.

“Kaka yangu amesema jembe linamchosha mwanafunzi wa nyumbani,” alisema, macho chini, sauti ya kawaida. “Amesema kweli, na mimi namwongezea: hata mikono inatetemeka ukishika kalamu. Lakini wa bwenini anaamshwa na kengele. Mimi naamshwa na mtu anayetaka kujua jana nilisoma nini.”

Sikuthubutu kugeuka kutazama safu ya nyuma. Akaanza hoja ya pili, kuhusu taa, na kengele ya muda ikalia akiwa katikati ya sentensi. Akashukuru, akakaa.

Tulishindwa kwa alama chache, na zote zilikuwa za muda. Mwalimu mstaafu alisema amempenda sana, lakini saa ni saa. Mimi pia nilimkata alama, ingawa iliniuma, kwa sababu ndivyo nilivyoandika ubaoni. Binti akaenda kumpa mkono yule mvulana, nami nikabaki namwogopa baba.

Alinifuata wakati wageni wanakunywa chai. Alipiga makofi, akaniuliza tena habari za watoto, kana kwamba wangeweza kubadilika mchana ule mmoja.

“Mwalimu, mmesema kila mtoto ana muda sawa na mwenzake. Anayeutumia kwa salamu amekula fungu lake, na mkimsamehe mtamwonea mgeni aliyetoka mbali. Hapo nimekuelewa.” Alikuwa ameieleza sababu yangu vizuri kuliko nilivyoieleza mimi mbele ya ukumbi. “Lakini yule kijana ameisalimia meza tu. Sisi wa nyuma hakutuona. Sasa hiyo hoja yake alikuwa anamwambia nani?”

Hoja hiyo ilikuwa na tundu, na jaji ndani yangu aliliona. Lakini nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, nikashindwa kujizuia. Huyu ndiye aliyekuja kuzuia kujibizana, na sasa amesimama mbele ya jaji, ananibishia hukumu kwa adabu zote, kwanza ananipa haki yangu kisha anaichukua. Mimi nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba binti amejifunza kwangu.

Nilimwambia alama hazibadiliki. Akakubali bila kinyongo. Kisha akauliza Kibondo tunakwenda lini, na kama watoto watalala sehemu yenye mablanketi, maana kule kuna baridi. Nilimwambia yote.

“Basi ataenda,” akasema. “Mimi sitakuwepo kule nyuma. Muda utamtosha.”