Bingwa Anayehema

Kila alasiri, tukitoka msikitini pale Munje, mjomba wangu hunikera kwenye baraza ya kahawa ya wazee kwa neno lile lile: bingwa wa ndondi wa siku hizi hafai kutajwa pamoja na wale wa zamani. Barazani mdogo hamkatizi mkubwa, basi mimi humeza kahawa chungu pamoja na hasira zangu. Jana nilishindwa kuvumilia.

"Mjomba, hao wa zamani uliwaona wapi wakipigana?"

"Sikuwaona. Tuliwasikiliza redioni."

Nikamwekea pambano la bingwa wa sasa kwenye simu. Alitazama raundi mbili, akanirudishia.

"Huyu anahema, mwanangu. Wale wetu hawakuhema hata siku moja."

Wazee wote wakaitikia, "Kweli kabisa."

Mkononi mwangu, bingwa alikuwa bado anahema.