Kahawa Ndani ya Feni

Mama mkwe wangu alikuja kunikagua akiwa na mzigo wa nyasi kichwani. Alitoka nao Izigo, akapanda nao basi, akashuka nao Bukoba mjini na kutembea nao hadi kwetu Miembeni, mbichi bado, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Alikuwa amesikia kwamba nyumba ya mwanawe haitandikwi nyasi. Kwake yeye sakafu isiyo na nyasi ilikuwa na maana mbili tu: mke amekufa, au mke ni mvivu.

Kufa nilikuwa sijafa. Nilikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, na katika mwaka huo mama huyu hakuwahi kukanyaga kwangu. Harusini hakuja, alituma salamu kwamba mguu unamsumbua. Mimi ni Mlutheri wa Kaagya, wao ni Wakatoliki wa tangu enzi za babu zao, na alikuwa amekwisha kumchagulia mwanawe binti wa parokiani kwao, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Mimi siimbi. Basi mguu ukauma.

Nilipiga magoti nikamsalimia kwa Kihaya. Akanijibu kwa Kiswahili. Sote wawili ni Wahaya, tumebembelezwa kwa Kihaya na tumechapwa kwa Kihaya, na yeye ananiletea Kiswahili cha ofisini, kile cha kuulizia barua posta. "Asante, binti. Habari za hapa?" Nilielewa mara moja kwamba mimi ni mtu wa ofisini. Sikuonyesha kitu. Nikamjibu kwa Kiswahili hichohicho, tena nikakinyoosha.

Halafu nikaenda kuleta kahawa. Kwetu mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Unampa kikapu kidogo chenye akamwani, buni zilizochemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa na maganda yake, naye anachukua punje moja au mbili anatafuna. Akitafuna, mambo yenu ni mazuri. Asiyekutaka hatafuni cha kwako. Buni zile zilitoka kwenye kibanja, shamba la nyumbani kwa baba yangu, nilizichemsha kwa mikono yangu, na katika ujio wake wote nilitaka jambo hilo moja tu: atafune kahawa yangu. Akachukua punje kwa vidole viwili. Akaipeleka mdomoni. Taya zikacheza. Nilikimbilia jikoni nikaruka peke yangu katikati ya masufuria mpaka kifuniko kikaanguka, na nilipoulizwa kuna nini nikasema paka.

Sasa niieleze mashine. Mume wangu alikuwa karani, na mzungu mmoja wa ofisini kwake, alipofungasha kurudi kwao baada ya uhuru, alimwachia zulia jekundu la sebuleni na mashine ya kufyonza vumbi, ile ya kusukuma kwa mpini mrefu, mfuko wake wa kitambaa ukining'inia nyuma. Mume wangu aliipenda mashine ile kupita kiasi. Aliiwasha yeye tu, Jumamosi, baada ya chai. Balozi wa nyumba kumi alipopita kutuelimisha juu ya ujamaa, aliifunika kwa shuka na kusema ni cherehani. Mimi niliruhusiwa kuitazama.

Wiki hiyo mwenye mashine alikuwa Mwanza kikazi, arudi kwa meli Ijumaa asubuhi. Mama alifika Jumanne, na kabla jua halijatua alikuwa ametandika nyasi zake sebule nzima, juu ya zulia. Siku mbili tukaishi shambani. Harufu ilikuwa nzuri, sisemi uongo, nilijisikia niko kwa bibi yangu. Lakini Alhamisi asubuhi zilikuwa zimekauka, zimekatikakatika, na vipande vimejichoma ndani ya zulia kama sindano. Nikazikusanya zile ndefu kwa mikono. Fupi zikagoma. Mama aliketi kwenye kiti chake cha pembeni, akinitazama.

"Zulia hili mnalifua mtoni?"

"Hapana, mama. Linafyonzwa."

Hapo ndipo kiherehere kiliponishika. Nilijua fika kwamba sijaruhusiwa, na nikaitoa. Nikachomeka waya ukutani, nikabonyeza. Mama mkwe wangu, na mguu wake ule mgonjwa, alipanda juu ya kiti kwa hatua moja.

Nikasukuma mara moja, mara mbili. Nyasi zikatoweka. Akainama kuangalia zilikokwenda. Akashuka. Akagusa mfuko, akakuta umevimba na una joto, akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko nilivyotegemea, cha tumboni, mpaka nami nikacheka bila kujua tunacheka nini.

"Lete," akasema.

Nikampa. Akaenda nayo mlangoni, akarudi nayo, akaikaripia ilipoacha majani, akaisifu ilipoyarudia. Alisema ikifika Izigo msimu wa senene, hakuna atakayekimbizana tena na wadudu. Kisha akaipeleka kwenye pembe yake mwenyewe, chini ya kiti chake.

Paa!

Mashine iliruka. Ikaanza kunguruma na kutetemeka, mpini ukimtikisa mama mabega yote mawili, na yeye, badala ya kuuachia, akaukumbatia. "Mawe!" alipiga kelele, akimwita mama yake, kwa Kihaya hatimaye. "Mawe! Mawe!" Nikang'oa waya ukutani. Kukawa kimya, na harufu ya kitu kilichoungua.

"Nimeiua," akasema, akirudi kwenye Kiswahili chake. "Mwanangu ataniambia nini?"

Nilipaswa kuogopa, na niliogopa. Lakini nikiri jambo: chini ya woga ule nilifurahi. Tulikuwa washtakiwa wawili, na kesi yetu ni moja.

Tukaamua kuipeleka kwa fundi wa redio karibu na soko. Nilitaka tuifunike kwa shuka. Mama akasema mgonjwa hafunikwi uso akiwa hajafa, akasokota kata ya kitenge, akaibeba kichwani. Tukapita Miembeni hivyo, mimi mbele, yeye nyuma, mfuko ukimpigapiga mgongoni. Watu walitoka madukani. Mwenye duka la vitambaa akauliza ni nini hicho. "Tunampeleka hospitali," mama akajibu bila kugeuza shingo. Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya umeme.

Fundi aliiangalia kwa mbali, mikono mfukoni. "Itakuwa ni feni ndani. Hiyo spea haipatikani, mama. Labda Nairobi. Na Nairobi nao labda waagize Uingereza."

"Umeifungua?" mama akauliza.

"Sijaifungua."

"Basi tuazime bisibisi. Kila siku redio zako hizi zinatuambia tujitegemee."

Akatupa bisibisi, na tupa ya kunolea juu yake, nadhani ili tuondoke watu waache kukusanyika.

Nyumbani tuliigeuza kifudifudi barazani. Nikafungua bamba la chini, nikautoa mkanda wa mpira, nikafungua kifuniko cha pili. Feni ilikuwa pale, ya plastiki ngumu nyeusi, kubwa kama sahani ya chai, ina mabawa sita. Yaani ilikuwa na sita. Moja lilikuwa limekatika shinani, na mahali lilipokatikia palikuwa na weusi wa ufa wa zamani, kwa hiyo siku zake zilikuwa zinahesabika. Tulihangaika kuitoa. Nikizungusha kama kila kitu kinavyofunguliwa, inakaza. Mama akanipokea, akaizungusha upande usio wake, ikaachia kirahisi, akaniangalia kwa majivuno.

Nikaingiza kidole ndani kutoa vipande. Kikatoka kipande cha bawa. Halafu kikatoka kitu kidogo, kigumu, cheusi, kimekwanguka upande mmoja.

Ilikuwa kahawa. Punje yangu, nzima na ganda lake, haijaguswa na jino.

Hakuna mgeni mwingine aliyekuwa amekuja wiki ile. Hakuna mwingine aliyeketi kwenye kiti kile. Nikaiweka kwenye kiganja changu nikamnyooshea, na kicheko chote cha asubuhi kikaniisha mwilini.

"Mama. Hii ni kahawa niliyokupa."

Akaichukua, akaigeuzageuza. Angeweza kukana. Hakukana.

"Sikuitafuna," akasema. "Ningeitafuna ningekuwa nimekukubali. Sikutaka kudanganya."

"Taya zilikuwa zinacheza!"

"Taya ni adabu."

Nina hasira mimi, wanangu wanajua. Nilisimama nikamwambia kwamba nimempikia siku tatu, nimelala juu ya nyasi zake, nimembebea bisibisi yake, na kama mimi si mtu basi kesho amweleze mwanawe mwenyewe nini kilivunja mashine yake. Nikaingia jikoni nikashika kisu nikaanza kumenya ndizi. Nilimenya nyingi mno, huku nalia, hata nikawa simenyi vizuri, nyama ya ndizi ikienda na maganda.

Nikasikia hatua zake. Alisimama mlangoni na feni mkononi.

"Njoo. Utalia baadaye, ndizi zenyewe umezimaliza."

Sikugeuka.

"Baba mkwe wako alikuwa anabeba ndizi kwa baiskeli," akaendelea. "Mikungu miwili huku, miwili huku. Siku moja mkungu wa kushoto ukachomoka mteremkoni. Baiskeli ikaanza kuyumba, akaanguka, akarudi nyumbani na meno pungufu. Siku ya pili ukachomoka tena. Safari hiyo akashuka, akatoa na mmoja wa kulia, akaenda zake na miwili, polepole, akafika." Akaigeuza feni. "Hii imeangusha mkungu mmoja. Ndiyo maana inayumba."

Nikafuta macho kwa mkono wenye utomvu. Nikaangalia feni. Mabawa sita, moja limekatika, linalolitazama, ng'ambo ya pili, ni zima.

"Unataka nivunje na hili zima?"

"Tuvunje. Unaogopa?"

Niliogopa! Mashine ya mume wangu, feni isiyopatikana mpaka Uingereza, na tiba yake ni kuivunja zaidi. Lakini alivyosema 'tuvunje' akimaanisha mimi na yeye, sikuweza kukataa. Nikashika feni kwa kitambaa, yeye akashika tupa, akakata shina la bawa zima kama mtu anayenoa jembe. Lilipodondoka tulitazamana tukajua hakuna kurudi.

Ilitakiwa ipimwe. Hapo zamu ikawa yangu. Shule ya misheni ilinifundisha kufuma, na sindano zangu za kufumia zilikuwa kwenye kikapu. Nikapitisha sindano katikati ya feni, nikaishika mlalo, nikaiacha feni izunguke. Upande mzito ukashuka chini. Nikampa mama, akapunguza kidogo kwa tupa. Tukarudia. Ikashuka tena, kwa uvivu kidogo. Akapunguza. Tuliendelea hivyo, unga mweusi umetujaa mapajani, mpaka nilipoizungusha ikasimama popote ilipotaka, haina upande inaoupenda. Mama akaitazama sindano, akanitazama mimi.

"Ulifundishwa na Walutheri hii?"

"Nilifundishwa soksi, mama. Hii nimeotea."

Akacheka. Kile cha tumboni.

Tuliirudisha yote, ikabaki parafujo moja ambayo hatukuijua kwao, tukaificha ndani ya kopo la sukari. Nikachomeka. Mama akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikafumba macho. Ikawaka. Ilinguruma kwa sauti nyembamba kuliko ya zamani, haikuyumba, na nyasi zikaingia. Tulipigana vibega, tukazunguka sebule tumeishika mpini wote wawili, tunapiga vigelegele, hadi jirani akaja kuuliza kama kuna mtoto amezaliwa.

Ijumaa asubuhi mume wangu akaingia na mkoba wake. Akatazama zulia, safi. Akatazama mashine, akaona alama za vidole. Akachomeka, akaiwasha, akainamisha sikio. Mimi nilikuwa nimeshika birika na sikuweza kumimina.

"Mbona inaimba?" akasema. "Zamani ilikuwa inakoroma."

"Imepata hewa nzuri," mama yake akajibu.

Akaizima, ameridhika, akaketi. Nikaleta kikapu changu cha kahawa, nikapiga magoti mbele ya mama, kama siku ya kwanza, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa na kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Akakisukuma kikapu pembeni kwa upole.

Akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake. Ilikuwa punje ileile, iliyokwanguka, bado ina vumbi la zulia. Akaifuta kifuani, akaiweka kwenye meno, na safari hii nilisikia: ka! Ndani ya kila punje kuna mbegu mbili zilizolala zinaangaliana, na wazee wetu waliotaka kuwa ndugu waligawana hizo, moja kwako, moja kwangu. Yeye akabaki na yake mdomoni. Nyingine akanitolea kwenye kiganja.

"Mnatafuna nini?" mume wangu akauliza.

"Spea," mama akamjibu, kisha akanigeukia, na hakusema kwa Kiswahili. "Tafuna, mwana wange."

Nikatafuna. Ilikuwa na vumbi, na nyasi kidogo, na plastiki.