Dola ya Mama na Majivu ya Krismasi

Juzi, nikisubiri zamu katika duka la kununua fedha na dhahabu karibu na soko la Warwick, dada mmoja wa Burundi na kaka yake waliweka kwenye kaunta sarafu ya zamani ya fedha, dola ya Kimarekani. Ilikuwa ya marehemu mama yao. Walitaka kuiuza wagawane.

Mnunuzi, Mtanzania, aliitazama kwa lenzi. "Nani aliisafisha?"

"Mama. Kila Krismasi, kwa majivu na limau," dada akajibu kwa fahari.

"Eish! Wakusanyaji wanalipia ule weusi wa uzee. Hii imebaki na bei ya fedha yake tu. Nitaiyeyusha."

"Tumwachie huyu aiyeyushe," kaka akasema. "Mama mwenyewe ameshaila bei."

Dada akaifunika sarafu kwa kiganja, akamwambia mnunuzi, "Pima, baba. Nusu ni yangu. Nusu ya kaka yangu nitaweza kuilipa."

Akamlipa kaka yake palepale, akaifunga dola kwenye ncha ya kitenge.

Mama yangu naye alisugua birika letu la shaba mpaka maua yake yakafutika. Wataalamu huita huo uharibifu. Lakini dola ile ingebaki na weusi wake, binti asingeimudu. Leo ingelala kabatini kwa mtu asiyemjua yule mama aliyeisugua.