Gauni la majani

Juzi sokoni nilimwona mwanamke akibabua jani la mgomba motoni ili afungie samaki, na harufu ile ikanirudisha Kasongo, katika chumba cha baba yangu, fundi wa nguo.

Mke wa mzungu wa serikali alikuwa amemletea picha ya gauni refu la karamu, pamoja na hariri ya kutosha gauni moja tu. Karatasi hatukuwa nayo. Basi mchana ule baba alibabua majani mpaka yakalainika, akayakata kwa mkasi, akayaunga kwa miiba ya mlimau mwilini mwa mama, aliyelingana kimo na madamu yule.

“Usicheke, Mama Zaina, miiba itatoka,” alisema. “Hariri iko moja. Nikikosea, hakuna ingine.”

Mimi niliamini gauni lenyewe ndilo lile. Mama alipogeuka, majani yalichakarika taratibu, nami nikakimbia nje kuwaita wenzangu.

“Mukuye muone,” niliwaambia. “Mama yangu anavaa gauni ya baba.”

Leo najua kwamba majani yale yalikuwa kipimo cha kukatia hariri. Lakini gauni la kwanza alilivaa mama. Madamu alipata la pili.