Mama Alivyomwambia Mgeni

Juzi, kwenye duka la mabegi Mtaa wa Msimbazi, muuzaji alimfungulia mwanangu begi jipya la shule, na ile harufu ya plastiki ikanirudisha kwenye chumba chetu cha kupanga, uani, Kariakoo.

Mama alikuwa mgonjwa, hawezi kukaa bila kuegemea ukuta. Siku hiyo alijilazimisha kuoga na kujifunga khanga yake nzuri, kwa sababu mfadhili wangu, mama wa Kizungu aliyenilipia shule, alikuwa anakuja kunitembelea. Alifika na mkalimani, baba mmoja wa kanisani. Nikawaamkia. Mgeni akapiga magoti sakafuni, akanivalisha begi lililojaa madaftari, sabuni na mwanasesere mwenye nywele za njano. Jasho lilimtiririka, naye anacheka tu.

Mama akamshika mkono.

"Kaka, mwambie amchukue," alimwambia mkalimani. "Aende naye kwao. Mimi sifiki mbali, na huyu hana mtu mwingine."

Mkalimani akatazama chini, kisha akaongea. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la pili, lakini neno la kushukuru nilikuwa nalijua, na ndilo pekee alilosema.

Mgeni akalengwa na machozi, akamkumbatia Mama. Mama akadhani amekubaliwa. Walipotoka, akanisukuma mlangoni taratibu.

"Wafuate, mwanangu. Usigeuke nyuma."

Nikawafuata hadi barabarani. Wakanipungia mkono, gari likaondoka. Nilikaa barazani mpaka jioni, nikiogopa kurudi ndani kumwambia.